Michel de Montaigne na Jiwe Alilorithi kwa Baba Yake

Leo twaeleza habari za mtu ambaye hakuwa jemadari wala mfalme, ila aliishi siku zake zote kati ya majemadari na wafalme, tena katika nchi iliyokuwa ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu huyo ni Michel de Montaigne, Mfaransa, aliyezaliwa tarehe 28 Februari 1533 na kufariki tarehe 13 Septemba 1592. Wasomi wamjua kwa kitabu chake kikubwa kiitwacho Insha. Sisi twamtazama kwa upande mwingine, nao ni upande wa ugonjwa. Alikuwa na vijiwe vya figo; baba yake naye alikufa akiteswa na jiwe la kibofu. Mwana aliyaona mateso ya baba, akayaogopa, kisha yakamfikia yeye mwenyewe. Badala ya kulia na kulaani, aliketi akajiuliza kwa kalamu ni kwa njia gani ugonjwa wa baba hupita hata ukaingia katika mwili wa mtoto.

Asili ya ukoo wao ilikuwa biashara. Ramon Eyquem, baba wa babu yake, alikuwa mfanyabiashara wa Bordeaux, bandari iliyoko kusini-magharibi ya Ufaransa, akiuza mvinyo, samaki wa chumvi na rangi ya kutilia nguo. Mwaka 1477 alinunua shamba na nyumba ya Montaigne, na vizazi viwili baadaye ukoo huo ulikwisha kuhesabiwa miongoni mwa mabwana wa nchi.

Baba yake, Pierre Eyquem, alizaliwa mwaka 1495, naye alikuwa askari. Alifuatana na majeshi ya Mfalme Francis wa Kwanza huko Italia kwa miaka mingi, akaweka daftari la habari za vita hivyo kwa mkono wake mwenyewe, akarejea nyumbani mwaka 1528 na kuoa. Alikuwa mfupi wa kimo, mwenye mwili ulionyooka na nguvu nyingi. Alikuwa na fimbo zilizojazwa risasi ndani yake, ambazo alizitumia kuzoeza mikono kwa kutupa na kupigana, na viatu vyenye soli za risasi ili miguu yake iwe myepesi katika kukimbia na kuruka. Hata alipopita umri wa miaka 60, aliweza kurukia farasi akiwa amevaa joho zito, na kuipita meza akijitegemeza kwa kidole gumba. 

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangushwa na kijiwe. Alipofika mwaka wa 67 wa umri wake, bila ya kuwa na dalili yoyote kabla ya hapo mgongoni wala ubavuni, alianza kuona maumivu. Jiwe lilikuwa limekua kibofuni. Aliishi nalo miaka saba, na mwisho wa maisha yake ulikuwa mchungu mno. Alifariki mwezi wa Juni 1568. Kila askari aliyewahi kumwona mwenzake shupavu akijikunyata chini kwa maumivu ya figo aweza kufahamu kile ambacho Michel alikiona katika nyumba ile.

Malezi ya Michel yalikuwa ya ajabu kidogo. Alipokuwa mchanga, baba yake alimpeleka anyonyeshwe katika kijiji cha maskini, ili azoee maisha ya watu wa chini. Kisha akamwekea mwalimu Mjerumani, na nyumba nzima ikaamriwa isiseme naye ila Kilatini. Alisoma chuoni Bordeaux, akawa hakimu katika Mahakama Kuu ya mji huo tangu mwaka 1557. Alioa mwaka 1565. Mkewe alimzalia mabinti sita, na ni mmoja tu, Léonore, aliyekua. Mwaka 1570 aliacha uhakimu, na mwaka uliofuata, siku aliyotimiza miaka 38, alijitenga katika mnara wa nyumba yake. Chini palikuwa na kanisa dogo, katikati chumba cha kulala, na juu maktaba yenye vitabu kama 1,000. Humo ndimo alimoandika.

Nje ya mnara huo nchi ilikuwa haina amani. Tangu mwaka 1562 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakiuana, wakipatana, na kuuana tena. Vita vinane vilipiganwa kabla ya mwaka 1598. Montaigne alikuwa Mkatoliki, lakini ndugu zake wengine walikuwa upande wa pili. Nyumba yake haikuwa na mlinzi ila bawabu mmoja mzee. Aliona kwamba katika nchi yenye vita vya namna hiyo, ukuta mrefu humwita mshambuliaji. Siwashauri wasomaji wetu waige mfano huo katika ghala ya silaha, ila kwake yeye ulifaa, kwani nyumba haikuporwa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Montaigne mwenyewe alieleza ya kuwa, katika maradhi yote yanayompata mtu uzeeni, hili la vijiwe ndilo alilolihofu tangu utotoni. Lilimfikia alipokuwa na umri wa miaka 45 hivi. Maumivu yalianza ghafula, yakashuka kutoka ubavuni hadi kinenani. Alitapika, akatokwa na jasho, akatoa mkojo mweusi au uliochanganyika na mchanga, na baada ya masaa au siku kadha kijiwe kikatoka. Kisha kimya kwa muda, na baadaye tena.

Hapo ndipo alipoandika sura ya mwisho ya kitabu cha pili cha Insha, ihusuyo jinsi watoto wanavyofanana na baba zao. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, na kwa maoni yangu ni bora kuliko maswali ya matabibu wengi wa wakati wake. Yeye alizaliwa zaidi ya miaka 25 kabla ya baba yake kuugua, wakati mzee alipokuwa katika afya yake bora. Je, ugonjwa huo ulikuwa umejificha wapi muda wote huo? Na tone dogo lile ambalo baba alimwumba nalo lilibebaje alama ya jambo ambalo baba mwenyewe hakuwa nalo bado? Tena ndugu zake walikuwa wengi, wote wa baba mmoja na mama mmoja, na hadi siku aliyoandika, ni yeye peke yake aliyekuwa ameanza kuumwa. Aliahidi kumwamini mtu yeyote atakayemweleza siri hiyo, kwa sharti kwamba maelezo yasiwe magumu kuliko muujiza wenyewe.

Hakupata jibu. Leo sehemu kubwa ya jibu ipo, nasi twaweza kumpa.

Kijiwe hujengeka wakati mkojo unapokuwa na chumvi nyingi kuliko zile zinazoweza kuyeyuka ndani yake. Vilivyo vingi ni vya kalsiamu iliyoungana na oksalati. Kitu anachorithi mtu kwa mzazi wake si jiwe, bali ni namna figo zake zinavyofanya kazi: figo za watu wa ukoo fulani hupitisha kalsiamu nyingi kuliko kawaida, za ukoo mwingine hupitisha oksalati, au hukosa kiasi cha kutosha cha vitu vinavyozuia chumvi zisigandamane. Kwa hiyo Pierre Eyquem alikuwa na figo hizo tangu siku aliporuka juu ya farasi huko Italia akiwa kijana. Alimpa mwanawe mwaka 1533 kitu alichokuwa nacho tayari. Jiwe lenyewe lilihitaji miaka mingi ya kiu, chakula na umri hata likaonekana.

Na ndugu zake je? Kila mtoto hupokea nusu ya chembe za urithi za baba na nusu ya zile za mama, lakini si nusu ileile kwa kila mmoja. Ni kama kugawa karata: wachezaji wote wamepewa kutoka fungu moja, ila kila mkono una karata zake. Vijiwe vya kawaida huletwa na chembe nyingi za urithi zikisaidiana, na pengine mtoto mmoja tu hupata mkusanyiko mbaya. Ipo aina nyingine iliyo adimu, ambayo hufuata kanuni iliyo wazi zaidi. Mwaka 1810 mwanasayansi Mwingereza, William Wollaston, alipima jiwe la kibofu akakuta kitu kisichojulikana, ambacho baadaye kiliitwa sistini. Mwaka 1908 daktari Archibald Garrod aliueleza ugonjwa huo wa sistini pamoja na mengine kuwa ni kasoro anayozaliwa nayo mtu. Katika aina yake iliyo dhahiri zaidi, baba na mama wote wawili waweza kuwa wazima, kila mmoja akificha chembe moja yenye kasoro, na kila mtoto wao akawa na nafasi moja katika nne ya kuugua. Ugonjwa huo aghalabu huanza katika ujana. Vijiwe vilivyongoja hata miaka 45, au 67 kama vya mzee Pierre, kwa kawaida haviji kwa njia hiyo.

Wazee husema maji hufuata mkondo, nao hawakukosea, ila si mkondo wa damu tu. Watu wa nyumba moja hula chungu kimoja na kunywa kisima kimoja. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Marekani miongoni mwa maelfu ya wanaume, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba mwenye jamaa wa karibu mwenye vijiwe ana hatari inayozidi mara mbili ya yule asiye na jamaa kama huyo, hata baada ya kuhesabu chakula na vinywaji vyao.

Jambo hili lawahusu sana watu wa jeshi na polisi. Askari anayesimama juani kutwa au anayetembea mwendo mrefu na chupa moja ya maji hutokwa na jasho jingi, na mkojo wake huwa mchache na mzito. Mwaka 2005 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa habari za askari wao waliopelekwa Kuwait na Iraq. Kwa wale waliopatwa na vijiwe, dalili zilijitokeza kwa wastani siku 93 tu baada ya kufika katika joto lile. Huko Italia nako, mwaka 1996, ilichapishwa habari ya wagonjwa waliokwisha kupata kijiwe cha kwanza. Waliozidishiwa maji hata mkojo wao ukafika lita mbili kwa siku, kwa muda wa miaka mitano ni 12 katika kila 100 waliorudiwa na ugonjwa. Wale ambao hawakuzidishiwa, 27 katika kila 100. Basi askari ambaye baba, mama, au ndugu wa tumbo moja amepata kuumwa figo kwa vijiwe, na amwambie daktari wa kikosi mapema. Na yule ambaye maumivu ya ubavu yamemjia pamoja na homa, asingoje zamu iishe, maana mkojo uliozibwa ukaingiwa na vijidudu huua kwa muda mfupi.

Montaigne hakuwa na daktari wa kumwamini. Pamoja na jiwe alirithi pia chuki ya ukoo wake dhidi ya matabibu. Alihesabu kwamba baba yake aliishi miaka 74, babu yake 69, na baba wa babu karibu 80, bila mmoja wao kuonja dawa. Hesabu hiyo yachekesha kidogo, ila dawa za zama zile zilikuwa za kuchekesha zaidi. Aliambiwa kwamba damu ya beberu aliyelishwa majani ya kuleta mkojo na kunyweshwa mvinyo mweupe huyeyusha mawe. Akafuga beberu huyo nyumbani kwake kama alivyoelekezwa. Siku ya kuchinja, mpishi alikuja kumwambia kwamba kuna vitu vinagongana tumboni mwa mnyama. Walipopasua walikuta mawe matatu. Montaigne aliyashika, akayatazama, akaona kwamba mnyama aliyeshindwa kujiponya mwenyewe hawezi kumponya mwingine.

Kitu kimoja tu alikikubali, nacho ni maji ya chemchemi. Tarehe 22 Juni 1580, mwaka uleule ambao Insha zilitoka kwa mara ya kwanza, aliondoka nyumbani. Kwanza alimpelekea Mfalme Henri wa Tatu kitabu chake, akahudhuria mazingiwa ya mji wa La Fère, ambapo rafiki yake Philibert de Gramont alipigwa risasi ya mzinga akafa. Kisha akashika njia ya mashariki. Huko Plombières alikunywa bilauri tisa za maji ya moto asubuhi moja. Alipita Baden ya Uswisi, Augsburg, Munich, Venice, akafika Roma tarehe 30 Novemba, na baadaye akakaa kwa muda mrefu katika mabafu karibu na mji wa Lucca. Kila mahali aliandika katika daftari kiasi cha maji aliyokunywa, kiasi kilichotoka, na vijiwe, vikubwa kwa vidogo. Katika jambo hili alikuwa mwana halisi wa yule mzee aliyeandika daftari la vita vya Italia.

Hapa nisimamishe msafara kidogo. Montaigne alipita Munich mwaka 1580 akiwa na vijiwe vyake. Ni katika mji huohuo, mwezi wa Februari 1980, madaktari walimlaza mgonjwa wa kwanza na kukivunja kijiwe cha figo kwa mawimbi ya mshindo yaliyotumwa kutoka nje ya mwili, bila kisu. Mashine hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha ndege cha Dornier, ambacho wahandisi wake walikuwa wakichunguza madhara ya mishindo juu ya ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti. Alikosea miaka 400 tu.

Tarehe 7 Septemba 1581, akiwa bado kwenye mabafu ya Lucca, alipata habari kwamba watu wa Bordeaux wamemchagua kuwa meya. Hakutaka. Baba yake alikuwa amewahi kushika kazi hiyo, naye alimkumbuka mzee akichakaa kwa shughuli za mji na kusahau nyumba na afya yake. Lakini mfalme naye aliandika kumtaka akubali, na amri ni amri. Alishika kazi kwa vipindi viwili, hadi mwaka 1585.

Katika kipindi cha pili palitakiwa kufanywa gwaride la wenye silaha wote wa mji, na viongozi walihofu kwamba baadhi ya vikosi vitatumia nafasi hiyo kulipiza kisasi na kuwaua. Wengine walitaka mizinga na bunduki zisilie sana. Montaigne alishauri kinyume. Aliwataka wakubwa wapite katikati ya safu, vichwa juu na nyuso wazi, na makapteni waamriwe kuzidisha milio ya heshima bila kubania baruti. Hivyo ndivyo ilivyofanyika, na hakuna aliyedhurika. Vikosi vilivyotiliwa shaka viliona vimeaminiwa.

Si kila tendo lake lilisifiwa. Siku za mwisho za umeya, tauni ilipoingia Bordeaux, alikuwa nje ya mji, naye hakuingia kukabidhi madaraka. Wako waliomlaumu kwa hilo hata karne zilizofuata, na mtu wa kazi ya ulinzi atakuwa na rai yake. Mwaka uliofuata tauni ilifika kijijini kwake, ikambidi awaongoze jamaa zake wakitangatanga miezi sita, bila rafiki anayethubutu kuwakaribisha.

Miaka yote hiyo vijiwe havikumwacha. Aliweza kukaa juu ya farasi saa nane hata kumi bila kushuka, pamoja na ugonjwa wake. Wageni walipokuwa mezani naye maumivu yakamshika, aliendelea kuzungumza, ijapokuwa rangi ya uso ilibadilika. Hata hivyo hakukubaliana na wale wanaosema kwamba mwanamume lazima azuie sauti. Mgonjwa akitaka kuguna na agune, madhali akili yake imebaki mahali pake. Aligundua pia kwamba hofu aliyokuwa nayo kwa miaka mingi ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, na kwamba saa ile kijiwe kinapotoka, afya hurejea ghafula kama umeme, kwa utamu asioujua mtu mzima. Katika maandishi yake yote juu ya jiwe hakumlaumu baba yake hata mara moja. Alimwita baba bora kuliko wote waliopata kuwako.

Mwaka 1588 alikwenda Paris kuchapisha kitabu cha tatu, akaugua huko, na tarehe 10 Julai wapinzani wa mfalme walimkamata kitandani wakamtia katika gereza la Bastille. Aliachiwa usiku uleule kwa amri ya Catherine de Medici, mama yake mfalme. Mwaka uliofuata Henri wa Navarre, aliyekuwa amelala katika kitanda cha Montaigne alipomtembelea mwaka 1584, akawa mfalme wa Ufaransa.

Jiwe halikumwua. Mwezi wa Septemba 1592 alipata uvimbe wa koo, akakaa siku tatu bila kuweza kusema neno, na akafa wakati misa ilipokuwa ikisomwa chumbani mwake, akiwa na umri wa miaka 59. Mwili ulizikwa Bordeaux. Moyo uliwekwa katika kanisa la kijiji chake. Daftari la safari lilisahauliwa ndani ya sanduku nyumbani kwake hadi mwaka 1770, likapatikana na kuchapishwa mwaka 1774, pamoja na hesabu ya bilauri zote za maji na vijiwe vyote.